Daraja la Mtani Wangu

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na tisa, na Lizaboni yote, mtaa wetu wa Songea, ilijua kabla mke wangu hajamaliza kunipongeza. Nilipata daraja la nne. Kwa jinsi nilivyolitangaza, mgeni angedhani watu huanzia la kwanza wakapanda, na kwamba mimi nimefika la nne nikakuta ngazi zimeisha. Ndivyo nilivyo. Nikibwekewa na mbwa mmoja njiani, nikifika nyumbani wameshakuwa fisi saba, na mmoja wao anachechemea. Watu wamenizoea, hunikatia nusu ya ninachosema na tunaendelea kuishi vizuri. Tabia hii haikuwahi kumuumiza mtu hadi niliposafiri na mtani wangu.

Tulikuwa tunasoma shule ya jioni, kwenye darasa la shule ya msingi, tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia masikio. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa fundi cherehani mwenye baraza karibu na soko, Mbena wa Madaba. Mimi Mngoni. Babu zetu walipigana na kuibiana ng'ombe mpaka wakachoka, na sisi wajukuu tukarithi ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Kwa miaka minne hakuwahi kuniita jina langu, wala mimi lake. Aliniita mtumwa wangu, nami nikamwita mtumwa wangu, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wa kihistoria.

Tukiwa mwaka wa pili alifiwa na mumewe. Nilikwenda msibani kama mtani anavyotakiwa kwenda. Jeneza lilipotaka kutoka nilijilaza kizingitini nikasema Mbena huyu hatoki mpaka nipewe kuku, tena jogoo, tena mweupe. Wazee wakanibembeleza, wakaniletea tetea mmoja mwembamba. Nikamkataa. Nikasema huyu naye anaumwa, mnataka tuzike wawili? Mtani wangu, ambaye tangu jana yake hakuwa ametoa neno, akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, na baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipoanza tena kuvuta pumzi.

Safari yetu ilizaliwa darasani. Mwalimu wa Historia aliuliza nani amewahi kuingia makumbusho ya Maji Maji. Watu wazima darasa zima, wote tunakaa Songea, wengine tunapita getini pale asubuhi na jioni, na hakuna mkono ulioinuka. Akauliza nani amepanda treni. Hakuna tena, reli haifiki kwetu, mpaka uifuate Makambako. Mtani akaninong'oneza, "Siku tukifaulu, mtumwa wangu, tunaweka mabegi mgongoni kama wale wazungu wa kaptura. Tunaingia makumbusho kama wageni, halafu tunalala kwenye treni mpaka Dar." Binti yake alikuwa anaishi huko. Nilipomweleza mke wangu alisema, "Nendeni. Ila mkirudi asimulie yeye. Wewe utasema treni ilikuwa na mabawa."

Matokeo yalipokaribia nilikuwa na utani wangu tayari. Mtani alikuwa na kitochi, simu ya vitufe isiyofungua mtandao, kwa hiyo mimi ndiye ningemtazamia. Nilikuwa na uhakika atafaulu, maana alisoma kuliko mimi. Alibandika tarehe za Historia kwenye mbao za cherehani. Mpango ulikuwa nikunje uso, niseme, "Umefeli, mtumwa wangu, rudi ukashone," nimwache atapetape kidogo, ndipo nimwambie ukweli. Yeye mwenyewe alishanusa. "Najua utasema nimefeli," alinionya. "Wala hunipati."

Siku yenyewe nilisimama mbele ya baraza lake nikafungua ukurasa. Nikaiona namba yake. Kiswahili, D. Masomo mengine sita, F, zimepangwa kama misumari. Daraja: sifuri.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele yangu, futi kamba shingoni, mkononi shati la mwanafunzi lenye mkono mmoja.

"Mtani, sema!"

Neno nililoliandaa mwezi mzima liligoma kutoka. Nilikuwa nimeliandaa kama utani, na sasa lilikuwa kweli. Nikafungua mdomo nikasikia sauti yangu inasema, "Umepita." Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikuishia hapo. "Daraja la tatu! Umenishinda mimi."

Alipiga magoti palepale na lile shati. Wanawake wa barazani wakapiga vigelegele, muuza nyanya akaacha nyanya zake. Nilijiambia nitamweleza jioni. Jioni nyumba yake ilikuwa imejaa watu wanakula. Kesho yake alikuwa ameshamwachia fundi mwingine nafasi yake ya barazani, nafasi aliyoilinda miaka kumi na moja, kwa sababu anakwenda chuo kusomea ualimu wa chekechea. Kesho kutwa yake alikuja na mabegi mawili ya mgongoni, kayashona mwenyewe kwa turubai la kijani. Langu alikuwa amelitarizi namba nne kwa uzi mweupe. Lake, namba tatu.

"Ili watu wasituchanganye," alisema.

Siku tano baada ya matokeo tukatoka Lizaboni kwa miguu, asubuhi na mapema, na mabegi yetu. Vijana wa bodaboda walitufurahia sana. "Watalii! Twende Ulaya?" Mtani akawajibu kwa Kiingereza cha shule ya jioni, wote wakachoka kwa kucheka. Mimi nilicheka pia. Ukiwa na jambo bovu moyoni unaweza kucheka vizuri tu. Kinachokushinda ni kunyamaza.

Makumbusho alitupokea dada mmoja mpole, kazi yake kuongoza wageni. Alituzungusha kwenye sanamu, akatuonyesha mikuki na ngao, kisha akatupeleka kwenye kaburi la pamoja. Ni kaburi kubwa. Mimi huzidisha vitu, lakini lile sikuweza kulizidisha. Dada akaeleza kwa sauti ya chini kwamba watu waliambiwa wakipata ile dawa ya maji, risasi za Wajerumani zitageuka maji. Wakaamini, wakaenda. Waliokamatwa baadaye wakanyongwa, wakazikwa hapa.

Mtani akavua kandambili, akasogea.

"Shikamooni, watumwa wangu," akasema. "Maji ni ya kunywa. Nani aliwaambia mkapigane nayo?"

Dada wa makumbusho akaziba mdomo asicheke. "Wewe ni Mbena bila shaka."

"Wa Madaba."

"Basi una ruhusa."

"Na sisi Wabena tuliyapokea maji hayo, tusijifanye wajanja," mtani akasema. Akatazama majina kwenye jiwe. Kisha akauliza, na hakuwa anatania, "Yule aliyewapa maji, alijua kwamba hayafanyi kazi?"

"Watu wengi huuliza hilo," dada akajibu. "Wapo wanaosema aliamini mwenyewe."

"Kama aliamini, ni mwenzao," mtani akasema. "Kama alijua..." Hakumalizia. Akainama kuvaa kandambili, akanigeukia. "Mbona umelowa jasho, Mngoni? Unaogopa ndugu zako?"

Nikasema ni begi, limenielemea. Ndani ya begi langu mlikuwa na shati moja na mswaki.

Kwenye basi alikaa dirishani. Tulipofika Madaba alisimama, akawaonyesha abiria wote migomba ya kwao. "Hapa ndipo babu zake huyu walipokuja kuiba ng'ombe!" akatangaza. Nikamjibu kwamba hawakuiba, waliwaokoa; ng'ombe wenyewe walikuwa wamelewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, hawajui njia ya zizini. Basi zima likacheka. Konda akasema tukiendelea hivyo atatulipa sisi. Nilijiapiza nitamwambia Njombe, tukishuka kujinyoosha. Njombe kulikuwa na baridi na yeye alikuwa ananunua mahindi ya kuchoma, akanipa lile kubwa. Nikajiapiza nitamwambia Makambako.

Treni ilifika jua linazama, ndefu, na nikiwaambia ilichukua nusu saa kupita mbele yetu kabla ya kusimama, kateni nusu. Tulikuwa tumekata tiketi za daraja la tatu. Yeye ndiye aliyetaka, kwa heshima ya matokeo yake. Akapita katikati ya viti akigonga kila kimoja kwa kiganja kama anayekagua shamba.

"Unaona, mtumwa wangu? Daraja la tatu. Behewa hili ni langu. Wewe wa la nne panda juu ya paa."

Mbele yetu aliketi mzee mmoja na gunia la viazi kati ya miguu. Tukamwamkia shikamoo. "Marahaba," akasema, akatazama namba kwenye mabegi yetu. Mtani akamweleza habari yote, shule ya jioni, mtihani, watu wazima kwenye madawati ya watoto. Mzee akafurahi sana. "Kweli humu la nne halimo, mwanangu," akaniambia. "Kalia gunia langu."

"Na wenye sifuri wanakaa wapi?" mtani akamuuliza.

"Hao wanashuka wanasukuma."

Watu wa viti vya jirani walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nikakohoa.

Kuteremka kwenda Mlimba treni inapita kwenye mahandaki, moja baada ya jingine. Taa ya behewa letu ilikuwa hafifu, na tukiingia handakini kelele za magurudumu zinarudi zinakujaa masikioni, huwezi kusema wala kusikia. Tukitoka, kwenye mbalamwezi, yanatokea madaraja. Unatazama chini huoni kitu, mto unausikia tu. Mtani alikuwa ameegemea dirisha. Kila handaki nilisema, tukitoka humu namwambia. Tukitoka nasema, ngoja tuvuke daraja.

Baada ya Mlimba ardhi ikawa tambarare na treni ikatulia. Watu wengi walikuwa wamelala vichwa vimening'inia. Yeye hakulala. Alikuwa anaongea polepole, nusu na mimi, nusu na kioo cha dirisha.

"Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa pale dirishani chuoni. Binti yangu anapafahamu, watu wanapanga foleni. Nitataja namba yangu tu. Watabonyeza kompyuta, watasema, karibu mwalimu." Akacheka kidogo. "Mwalimu! Na mkono huu umejaa matundu ya sindano."

Niliiona ile foleni. Niliwaona watoto wa miaka kumi na minane nyuma yake, na yule wa kompyuta anabonyeza mara ya pili akidhani amekosea namba. Nikasema kabla sijapata muda wa kuogopa.

"Mtani, umefeli."

Alinitazama nukta moja, kisha akapasuka kwa kicheko kilichoamsha behewa.

"Hatimaye! Jamani, amkeni! Siku tano nimeusubiri utani huu! Huyu Mngoni alikuwa nao tangu mwezi uliopita, nilimwambia hunipati. Umechelewa, mtumwa wangu!"

"Umepata sifuri."

"Sawa, nashuka nasukuma!" Mzee wa viazi akaamka anacheka, na mama mmoja nyuma yetu akasema watani hawa watatuua.

"Kiswahili D," nikasema. "Mengine F."

"F ngapi?"

"Sita."

"Sita tu? Wewe? Umeishiwa leo! Si ungeniwekea F arobaini?"

Mzee ndiye wa kwanza kuacha kucheka. Nafikiri ni ile sita. Alinitazama usoni, akatazama chini kwenye gunia lake, akaanza kukaza kamba ambayo ilikuwa imekaza tayari. Lakini mtani aliendelea, anajifuta machozi kwa upande wa kanga, anawasimulia watu jinsi nilivyolala kizingitini kwenye msiba wa mumewe nikidai jogoo. Nikaona kwamba ninaweza kurudia ukweli mpaka Dar es Salaam na kila nikiurudia utazidi kuchekesha. Nikatumia neno ambalo kwa miaka minne sikuwahi kumwita.

"Dada," nikasema. "Nisikilize, dada."

Kicheko kilikatika kama tumeingia handakini.

"Usiniite hivyo," akasema.

Akanyoosha mkono.

"Nionyeshe."

Nikatoa simu. Mtandao haukuwepo. Nje kulikuwa na giza na nyasi, hakuna mnara wala taa. Akaishika simu hivyo hivyo, ukurasa mweupe ukizunguka bila kufunguka, akaiweka mapajani uso juu, akasubiri.

Tulikaa hivyo mpaka kukapambazuka. Mara moja tu aliniuliza, bila kugeuka, "Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimeandaa kumwambia amefeli, kwa utani. Nilipokuta ni kweli, sikuweza.

"Ungesema tu," akasema. "Ungesema vilevile ulivyoandaa. Ningecheka siku hiyo, kesho yake ningejua. Ningelia barazani kwangu, kwenye cherehani yangu." Akaongeza, "Na jana nimesimama pale kaburini nawacheka wale."

Asubuhi treni ilipita porini. Watu walikimbilia madirishani, kuna twiga. Mama wa nyuma aliniambia ninyanyuke nitazame. Nikatazama. Walikuwa twiga watatu, wamesimama mbali kidogo na reli. Nimewasimulia watu wengi safari ile, na kila mara nimesema watatu.

Mtandao ulirudi jua likiwa limeshapanda. Simu ililia mapajani mwake. Alijua namba yake, hakuhitaji msaada wangu. Aliweka kidole kwenye kioo akakishusha polepole, mstari kwa mstari, kama tulivyofundishwa. Akafika. Akasoma somo moja moja, midomo inacheza. Alipomaliza akarudi juu akasoma tena.

"Kiswahili nimepata," akasema.

Kisha akanirudishia simu, akafungua pochi, akatoa kiwembe cha kufumulia. Akalichukua begi lake akalilaza magotini na kuanza kuifumua ile namba tatu. Hakurarua. Alifumua kwa ustadi wa kazi yake, mshono kwa mshono, akizungushia uzi kidoleni ili usipotee. Mzee wa viazi alitazama nje. Namba ilipoisha yalibaki matundu madogo kwenye turubai, na ukijua pa kutazama ungeweza kuyasoma.

Stesheni binti yake alikuwa anatusubiri na shada la maua ya plastiki, yale ya kung'aa wanayovishwa wahitimu. Alikuja anakimbia. Mtani aliinamisha kichwa akavishwa, akamkumbatia mwanawe kwa muda mrefu. Halafu akalivua akampa binti.

"Mvalishe huyu kaka," akasema. "Yeye ndiye aliyefaulu."

Kaka. Binti akanivalisha, anatabasamu, haelewi. Nilipanda basi la kurudi Songea siku hiyohiyo na lile shada ndani ya begi.

Yeye alirudi baada ya wiki tatu. Barazani palikuwa na mwenyewe mwingine. Siku hizi anashona nyumbani kwake, ndani ndani huku Lizaboni, mahali ambapo mteja mpaka aelekezwe. Shule ya jioni hakurudi. Nilikwenda kuomba radhi mara tatu, na mara zote alinikaribisha vizuri, akanifutia kiti, akaniletea chai. Sijawahi kuheshimiwa namna ile. Tukikutana njiani husimama. "Habari za asubuhi, kaka. Shemeji hajambo? Watoto?" Siku moja nilijikaza nikamwita mtumwa wangu. Alitabasamu, kama anavyomtabasamia mteja aliyekosea duka.

Mwaka uliofuata baba yangu alifariki. Tangu alfajiri watu walikuwa wanaingia, na mimi, katikati ya kulia na kupokea pole, nilikwenda nyuma ya nyumba nikamfunga jogoo miguu. Nilimtafuta mweupe.

Mtani wangu alikuja wakati wa kutoa jeneza. Nilimwona getini, amejifunga kanga mbili, amevaa viatu vya heshima. Watu wanaotujua wakajisogeza ili apate nafasi ya kujilaza. Hata mchukua jeneza wa mbele alipunguza mwendo, akamtazama. Alipita taratibu ukutani, akanifikia, akanipa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, akapiga goti kidogo.

"Pole sana, kaka," akasema. "Mungu akutie nguvu."

Akaenda kukaa na akina mama. Jeneza likapita mlangoni bila mtu wa kulizuia, tukazika mapema, kila kitu kwa utaratibu. Jioni watu walipopungua nikaenda nyuma ya nyumba. Jogoo alikuwa amelala ubavu, amechoka kupigapiga mabawa. Nikamfungua miguu. Alikaa palepale muda mrefu kabla ya kujua kwamba anaweza kusimama.